Siku 7 Bure, Halafu Dhahabu Kila Mwaka: Kilwa Ilivyounganishwa na Huduma Ambayo Haikuiomba

Chukua kijana yeyote wa Kilwa Masoko. Kapakua programu ya kuhariri video, imeandikwa kwa herufi kubwa SIKU 7 BURE. Kaweka namba ya kadi, maana bila kadi haifunguki. Kahariri video mbili za harusi ya binamu yake, kazirusha, kapata likes zake, kaisahau. Siku ya nane asubuhi meseji ya benki inaingia: hela imekatwa. Tena ya mwaka mzima. Kwa hasira anaifuta ile programu kwenye simu, anajua yameisha. Mwaka unaofuata, tarehe ile ile, inakatwa tena.

Sasa cheki hii. Pale alipokaa akiikodolea macho ile meseji, ng'ambo ya maji kuna kisiwa ambacho kilishapigwa tukio la namna hii miaka zaidi ya 500 iliyopita. Kilwa Kisiwani haikuwa na kadi, ilikuwa na dhahabu. Na risiti ya makato yale ipo mpaka leo. Sio ya karatasi, imechongwa kwenye dhahabu yenyewe. Tutaifikia.

Kwanza ijulikane Kilwa ilikuwa nani. Wengi wanaijua kama magofu ya kupigia picha na jina kwenye orodha ya UNESCO tangu 1981. Lakini huu ulikuwa mji wenye hela hasa. Dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala, Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwa masultani wa Kilwa kabla ya kwenda Arabuni na India. Mji ulikuwa na sarafu zake wenyewe, za shaba, zenye majina ya masultani. Ulikuwa na msikiti mkuu wa mawe wenye makuba na jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali, likitazama bahari.

Na ulikuwa mji unaojua zawadi. Mwaka 1331 alipita msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, akamkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman ambaye watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Anasimulia kisa kimoja cha Ijumaa. Sultani katoka kuswali, fakiri mmoja wa Kiyemeni akamsimamisha njiani, akamwomba nguo zile zile alizovaa mwilini. Sultani hakubisha. Akaingia nyumba ya khatibu wa msikiti, akavaa nyingine, akamwachia fakiri zile za kifalme. Mtoto wa sultani akazichukua zile nguo na kumfidia fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifia kitendo chake, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Fakiri aliondoka tajiri bila kutoa hata senti. Wale watu ishirini ndio waliolipa. Ibn Battuta hakuwauliza majina.

Alipokufa huyo baba wa zawadi, akaingia ndugu yake Daud, mtu wa mkono wa birika kabisa. Waombaji wakifika, jibu lake ni kwamba mtoaji keshakufa na hakuacha kitu cha kutoa. Kilwa imewahi kuwa na kila aina ya bosi.

Haya, songa mpaka Julai 1500. Meli za Wareno zinatia nanga, nahodha mkuu ni Pedro Álvares Cabral, yuko safarini kwenda India. Mkononi ana barua ya mfalme Manuel wa Ureno: tufanye urafiki, tufanye biashara. Wakati huo mwenye mji alikuwa Amiri Ibrahim, mtu ambaye hata kiti chenyewe hakukipata kwa njia safi, na mjini alikuwa na maadui zake. Walikutana majini, kila mmoja kwenye chombo chake, kwa heshima zote na mbwembwe zote. Siku zilizofuata Ibrahim akaanza kusitasita, biashara haikufanyika, Cabral akang'oa nanga mikono mitupu.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku 7 bure. Hakuna aliyekatwa kitu. Jamaa wamekuja, wamesalimia, wamehesabu nyumba, wamejua dhahabu inapita wapi, wameondoka. Kitabu cha historia ya Kilwa kilichoandikwa kwa Kiarabu baadaye, Kitab al-Sulwa, kinaeleza kwamba kulikuwa na wenyeji walioshtuka mapema na kusema hawa wamekuja kuchungulia tu. Nakala ya kitabu hicho iko London. Lakini kushtuka ni jambo moja, na kufanya kitu ni jambo jingine.

Julai 1502 akaja Vasco da Gama na meli nyingi zenye mizinga. Huyu hakuja na barua ya kubembeleza. Alimwambia Ibrahim wazi: ama unakuwa chini ya mfalme wa Ureno na unalipa, ama mji unachomwa moto. Bei ilikuwa mithkali 1,500 za dhahabu. Ukizipima ni zaidi ya kilo 6. Na hapa ndipo penye utamu wa shubiri, maana haikuwa faini ya mara moja. Ilikuwa kila mwaka.

Baada ya kukubali, Ibrahim alipewa bendera ya Ureno na barua ya ulinzi. Ile ya "karibu, umefanikiwa kujiunga".

Kulindwa dhidi ya nani? Dhidi ya Wareno wenyewe, hakukuwa na mwingine anayetishia kuuchoma mji wiki ile. Na haikuwa Kilwa peke yake. Unguja nayo ilipitiwa muda mfupi baadaye na nahodha mwingine wa Kireno, ikaunganishwa na kifurushi kidogo zaidi, mithkali 100 kwa mwaka. Mombasa ilikataa kulipa na mwaka 1505 ikachomwa.

Rudi kwa da Gama, maana kuna mtu mmoja kwenye hadithi hii anayesahaulika sana, naye ndiye anayefanana zaidi na yule kijana wa kadi. Ibrahim hakutoa dhahabu papo hapo. Alimtoa mtu kama dhamana: tajiri mmoja wa mjini, Muhammad bin Rukn ad-Din, ambaye Wareno wameandika jina lake Anconi. Wanahistoria wa Kireno wanasimulia kwamba Ibrahim na huyu tajiri hawakuivana. Basi mdhamini yuko ndani ya meli, anasubiri bosi wake alete mzigo, na bosi kimya. Saa zinakwenda. Mwisho tajiri akaona hapa naondoka na hawa watu mpaka India, akalipa mwenyewe kutoka mfukoni mwake.

Yaani mwenye mji ndiye aliyekubali masharti, hela ikatoka kwa jirani. Kama vile mtoto wa dada yako kaweka namba ya kadi yako kwenye simu yake.

Anconi alirudishiwa? Kwa namna fulani, ndiyo, na ni refund ya ajabu kuliko zote. Malipo ya miaka iliyofuata hayakwenda Ureno. Ibrahim alinyamaza, akafanya kile ambacho yule kijana alifanya kwa kufuta programu: ukiacha kuiangalia, labda na yenyewe itakusahau. Julai 1505 akatokea Francisco de Almeida na jeshi, njiani kwenda India kuwa mwakilishi wa mfalme kule. Akauliza malipo yako wapi na bendera mbona haipepei. Ibrahim akatuma visingizio badala ya kwenda mwenyewe. Tarehe 24 Julai Wareno karibu 500 waliteremka, Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa nyumba kwa nyumba.

Baada ya uporaji Almeida alihitaji mtu wa kumweka kitini, akamchagua yule yule Anconi aliyelipa mwaka 1502. Akavishwa taji la dhahabu. Hata taji lenyewe halikuwa lake, lilikuwa limebebwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin kule India, wakaliazima kwa sherehe. Mdai wa mithkali 1,500 akalipwa kwa ufalme wa mji uliokwisha kuporwa. Haikupita muda mrefu akauawa kwa hila.

Ufukweni Wareno wakajenga ngome, wakaiita Santiago, ngome yao ya kwanza pwani hii. Gereza analoonyeshwa mtalii leo pale Kisiwani limejengwa upya na Waomani karne nyingi baadaye, na neno lenyewe "gereza" lina asili ya Kireno, linatokana na neno lao la kanisa. Kutoka nyumba ya ibada mpaka mahabusu, lugha nayo inajua kilichotokea.

Sasa risiti.

Dhahabu ya 1502 ilifika Lisbon. Mfalme Manuel hakuitumia kulipia mabaharia wala kununulia pilipili. Aliagiza itengenezwe chombo cha ibada cha kanisa, cha dhahabu na rangi za vioo, chenye sanamu ndogo za mitume waliopiga magoti. Kazi hiyo inahusishwa na sonara aitwaye Gil Vicente, na ilikamilika mwaka 1506. Kinaitwa Custódia de Belém. Chini kabisa, kwenye kitako, kuna maandishi yanayozunguka: mfalme aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na mwaka kilipokwisha.

Soma tena hapo. Ilichukuliwa kutoka wapi, kwa sababu gani, amri ya nani, mwaka gani. Kuna watu wanadaiana laki moja hapa mjini hawana ushahidi mzuri kama huo. Wezi wengi huficha jina la mwenye mali. Hawa walilichonga, kwa sababu kwao ilikuwa sifa.

Huduma ilikatika yenyewe mwaka 1512, na sio kwa sababu Kilwa ilisikilizwa. Haikuwa na faida tena. Wareno walikuwa wameishika Sofala na kuwakataza wafanyabiashara wa pwani dhahabu yao ya zamani, hivyo Kilwa ikakosa kitu cha kulipia. Ngome ikawa mzigo, wanajeshi wakaondolewa, Ibrahim akarudi mjini kwake. Aliyegoma kulipa akabaki hai na kiti chake. Lakini kiti cha mji gani? Kile kilichoufanya mji uwe na hela kilikuwa kimehamishwa.

Ukitoka kisiwani ukapanda bara mpaka vilima vya Matumbi, wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, utakuta mtindo huu ulirudi miaka 400 baadaye, safari hii kwa Kijerumani. Haikuwa dhahabu, ilikuwa kazi ya mikono. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Gavana Götzen ilianzisha mashamba ya pamoja ya pamba pwani na kusini. Maelezo yake yalikuwa matamu: kila mtu anatoa siku 28 kwa mwaka, pamba inauzwa, mapato yanagawanywa, sehemu ya wafanyakazi, sehemu ya jumbe, sehemu ya mfuko wa wilaya. Nani akatae?

Hakukuwa na kukataa, ndilo tatizo. Siku 28 zilikuwa zile zile ambazo mtu alipaswa kuwa kwenye shamba lake la mpunga au mtama, na akida alisimamia kwa kiboko. Siku ya malipo ilipofika, kwenye wilaya ya Dar es Salaam wafanyakazi walihesabiwa senti 35 kila mmoja. Wapo waliokataa kuzipokea. Mtu kafanya kazi karibu mwezi mzima, anapewa hela, anaisukuma irudi mezani. Inabidi uwe umeumia sana kufika hapo.

Julai 1905, kijijini Nandete, watu waliingia kwenye shamba la pamba na kuanza kuing'oa miche. Simulizi za wazee wa Matumbi zimehifadhi majina ya waliong'oa ya mwanzo: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Hapakuwa na barua wala ofisi ya kupeleka malalamiko iliyokuwa wazi kwao. Kung'oa mche mbele ya kila mtu ndiyo ilikuwa njia ya kujitoa. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe pale Mohoro, lakini maji yake yalikuwa yameshasambaa. Vita ya Majimaji ikaenea kusini yote. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilihesabu waliokufa 75,000, na wanahistoria wengi wanaona ilikuwa mara tatu au nne ya hapo, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa makusudi.

Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha. Ni jambo kubwa, lilichukua zaidi ya miaka 100. Ila mtu yeyote aliyewahi kupiga simu huduma kwa wateja anajua tofauti kati ya "samahani kwa usumbufu" na hela kuonekana kwenye akaunti.

Na hapo ndipo kijana wa Kilwa Masoko anapowazidi Ibrahim, Anconi na wale wa Nandete wote kwa pamoja. Yeye ana kwa kwenda. Wao, aliyewakata ndiye aliyekuwa hakimu.

Kosa lake la kwanza ni la Ibrahim. Kufuta programu kwenye simu hakufuti usajili. Usajili uko kwenye akaunti, unatakiwa uingie kwenye duka la programu, sehemu ya malipo na usajili, uusitishe huko. Kwa watu wa iPhone, usubiri dakika ya mwisho umeumia: unatakiwa ujitoe angalau saa 24 kabla siku za bure hazijaisha. Ikiwa imeshakatwa, kwa Android unaomba kurudishiwa kwa Google yenyewe ndani ya saa 48. Zikipita hizo unatumwa kwa aliyeitengeneza programu, na huyo anaweza kukujibu au asikujibu. Apple nao wana ukurasa wao wa kuripoti tatizo la malipo, unachagua makato husika na kueleza sababu. Vyote vikigoma, benki iliyotoa kadi inapokea ombi la kupinga muamala, ila uende na picha za skrini: ofa ilivyoandikwa, tarehe uliyojiunga, tarehe uliyokatwa. Risiti, kwa kifupi. Kilwa ilikuwa nayo, ilikosa dirisha la kuipeleka.

Zile za kukatwa salio kila siku kwa meseji za mapenzi, nyota na matokeo ya mpira ambazo hukumbuki kuziomba, hizo ni njia nyingine. Piga 100 ya mtandao wako, sema unataka kujitoa na unataka kurudishiwa, omba namba ya lalamiko na uiandike. Wakikuzungusha siku 30, lalamiko linapanda TCRA. Usiporidhika na uamuzi wa kule, kuna Baraza la Ushindani. Watu wengi wanaishia kwenye kupiga 100, wanasikiliza muziki dakika nane, wanakata simu. Kampuni zinaujua huo muziki unafanya kazi gani.

Na usidhani ni mambo ya kubahatisha. Septemba 2025 kampuni ya Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 Marekani, baada ya tume ya biashara ya kule kuishtaki kwamba iliwaingiza watu kwenye uanachama wa Prime bila ridhaa ya kweli na kuufanya mlango wa kutoka uwe wa kuzunguka zunguka. Bilioni 1.5 kati ya hizo ni za kurudishiwa wateja. Amazon haikuamka asubuhi na huruma. Kulikuwa na mtu juu yake mwenye nguvu ya kumwambia rudisha.

Ile Custódia iko Lisbon, kwenye jumba la taifa la sanaa ya kale, ndani ya kioo, taa zinaimulika vizuri, maandishi yake yanasomeka. Mtu wa Kilwa akitaka kwenda kuiona inabidi apate viza kwanza, kisha nauli ya ndege, na akifika pale mlangoni anakata tiketi ya kuingilia.